Ndoo Nyekundu za Bwana Ramnik

Siku nilipokabidhi funguo za kituo, mmoja wenu, wenzangu vijana, aliniuliza kwa nini pale mwisho wa jukwaa, penye mstari ulionyooka wa zege na matofali ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuupiga picha, pana ndoo mbili nyekundu zilizojaa udongo. Aliuliza kwa adabu, lakini niliona kwamba anataka ruhusa ya kuziondoa. Nilimwambia kuwa jibu lake ni refu kuliko mapumziko ya chai, na kwamba nitaliandika. Nimepata nafasi sasa, kwa kuwa hakuna tena anayeniamsha alfajiri isipokuwa mazoea.

Niliingia kazi hii nikiwa mwalimu. Nilisomea ualimu Unguja, nikafundisha kwa muda mfupi katika skuli ya wasichana, kisha Mapinduzi yakapita, na miaka michache baadaye nikajikuta London pamoja na mume wangu, cheti changu kikiwa ndani ya sanduku ambalo hakuna ofisi iliyotaka kulifungua. Nilikuwa kijana na nilikuwa na imani kali. Niliamini, na bado ninaamini, kwamba kazi yoyote inayowahudumia watu wote bila kuwauliza wao ni nani ni kazi ya heshima. Reli ilipotafuta wahudumu wa vituo, niliomba kwa moyo uleule ambao ningeombea skuli. Mume wangu alisema mimi ni mtu wa pekee duniani aliyeingia kukusanya tikiti kwa ajili ya ubinadamu.

Siku ya kwanza nilifika mapema, kama nilivyofundishwa chuoni. Nilikuwa nimeoneshwa kituo changu mara moja tu, siku ya mahojiano: sanduku kubwa la matofali lenye madirisha marefu, paa la zege lililolala juu yake kama kifuniko, na ndani ukumbi mrefu wenye nguzo katikati, benchi la duara likiizunguka nguzo hiyo, na taa zenye umbo la bakuli. Nilishuka nilipoliona paa hilo. Nikapanda ngazi, nikawasalimu wote, nikaingia chumba cha wafanyakazi, nikatundika koti langu msumarini na kuweka birika motoni. Nilikuwa nimeshaosha vikombe vyao wakati mkuu wa pale aliponiuliza kwa upole mimi ni nani. Kumbe mchoraji aliyekichora kituo changu, katika ile miaka kati ya vita viwili vikuu, alichora pia kituo kingine, ndugu yake, vituo vichache karibu zaidi na mjini, na humo ndimo nilimokuwa. Nilifika kazini kwangu nikiwa nimechelewa na sina koti, maana niliona aibu kulirudia.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Ramnik, mkuu wa kituo, Mhindi aliyezaliwa Mombasa na kuhamia Harrow, pembeni mwa London, pamoja na ukoo wake wote. Aliponisikia nikijisemea kwa Kiswahili, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, karibu," alisema. "Koti lako limepiga simu. Linasema limefika salama."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kumsikiliza mtu kabla hajafika dirishani, kwa mwendo wa viatu vyake. Alinifundisha kuosha madirisha marefu kuanzia juu kwa mpira wenye mpini, kushika taa ya mkono kwenye ukungu ili dereva aione bila kupofuka, na kumwaga mchanga kwenye ngazi kabla ya theluji, si baada yake. Aliniita Mwalimu, na halikuwa jina la sifa tupu. Mara moja kijana aliruka kizuizi bila tikiti, nikamkamata na kumpa maneno marefu juu ya mali ya umma. Bwana Ramnik alitusogelea taratibu.

"Mwalimu," alisema, "mwachie. Ameshaadhibiwa."

Reli yetu huitwa ya chini ya ardhi, ingawa kwetu kule pembeni ilipita juu ya ardhi, na jua lilipopatikana, lilipatikana kwenye jukwaa. Nyuma ya banda la kungojea, mahali pasipoonekana, Bwana Ramnik alikuwa na ndoo mbili nyekundu, masalio ya zile za mchanga wa kuzimia moto. Mitungi ya kisasa ilipoletwa, alimwaga mchanga, akatia udongo, akapanda uwatu wa mchuzi katika ndoo moja na kotmiri katika nyingine. Mkewe alikuwa na bustani nzima Harrow. Yeye alisema uwatu wa jukwaani una ladha zaidi kwa sababu umesikia habari nyingi.

Kituo chetu kilikuwa na wageni wa namna yake. Karibu kila wiki walikuja wanafunzi wa usanifu majengo, wakaketi sakafuni na penseli zao, wakachora nguzo na taa. Mwanzoni niliwashangaa. Baadaye niliwasikiliza wakufunzi wao, na jambo moja lilinigusa: kwamba waliojenga vituo hivi walitaka mtu yeyote, hata mgeni, hata asiyejua kusoma, akiingia ajue pa kwenda kwa kufuata mwanga tu. Kwa mwalimu asiye na darasa, hayo yalikuwa maneno makubwa. Nilijiona kama mtumishi wa jengo lenye nia njema.

Sasa nifike kwa Bi Moza. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Unguja, aliyeletwa na binti yake Salma, ambaye alihudumia wazee katika nyumba moja karibu na kituo chetu. Bi Moza alisoma Kurani bila kukwama, lakini herufi za Kizungu hakuzijua. Majira yake yote ya kwanza ya baridi aliyamaliza ndani ya fleti, hata akasema kwamba ameijua dari kuliko alivyoijua London. Salma aliumia. Kulikuwa na binamu yao aliyekaa mbali kidogo, kwenye reli hiyohiyo upande wa mjini, na Bi Moza alitamani kwenda kwake kila Alhamisi kupika na kuzungumza. Kaka yake Salma, Nassor, aliyeishi Harrow, alikataa katakata. Nassor hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu na gari.

"Akipotea je?" alimwuliza dada yake mbele yangu, pale ukumbini. "Ataulizia kwa lugha gani? Siku atakayopotea, Salma, siku hiyohiyo namchukua kwangu, na mlango utafungwa. Sitaki mama yangu atafutwe na polisi."

Salma alikubali sharti hilo, kwa kuwa hakuwa na lingine la kutoa. Akamfundisha mama yake njia kama tunavyoelekezana kwetu, ambako mtaa hauna namba na nyumba haina jina: kwa alama. Binamu angemtia kwenye treni. Bi Moza angetazama dirishani mpaka alione paa la zege lililonyooka kama meza. Angeshuka, apande ngazi, aione nguzo yenye benchi la duara, akae hapo mpaka Salma atoke kazini. Alhamisi kadhaa zilipita vizuri, Bi Moza akiwa na kikapu chake cha maandazi, na mimi nikimwamkia mlangoni. Siku hizo binamu yake alipanda naye treni, akamshusha kwetu, kisha akageuza. Alhamisi ninayoisimulia ilikuwa ya kwanza kwake kurudi peke yake.

Alasiri hiyo Salma alikuja kutoka kazini na koti la kazi bado liko mwilini. Benchi lilikuwa na wanafunzi wawili wakichora. Mama yake hakuwepo.

"Bi Rukia, hajafika?" aliniuliza.

"Bado."

"Binamu amepiga simu kazini. Alimpandisha zamani."

Treni ikaja, watu wakatoka, Bi Moza hakutoka. Ikaja nyingine. Salma alianza kukunja ncha ya mtandio wake na kuikunjua. Nilikwenda kwenye simu ya ndani, nikapiga kituo baada ya kituo kwenye reli nzima, mbele yetu na nyuma yetu, nikiuliza kama yupo bibi wa Kiafrika aliyepotea, amevaa buibui na sweta ya kijivu. Wote walijibu kwa wema, na wote walijibu hapana. Niliporudi ukumbini, Salma alikuwa ameshamwarifu kaka yake kwa simu ya kibandani. Hakutaka kumficha. Nassor alisema anakuja, na chumba cha mama kipo tayari.

Nakumbuka nilivyolitazama lile jengo langu lenye nia njema na kuliona geni. Ikiwa mtu asiyesoma hawezi kulitumia, wale vijana pale sakafuni walikuwa wanachora nini?

Bwana Ramnik alitoka ofisini akifuta miwani yake.

"Mwalimu, umewauliza nini huko kwenye simu?"

"Nimewauliza kama wana bibi aliyepotea."

"Na siku ile ulipotundika koti, wewe ulikuwa umepotea?"

"Mimi? Hapana. Nilikuwa nimefika."

"Haya basi," alisema.

Nilirudi kwenye simu mbio. Nikakipigia kile kituo ndugu, na safari hii sikuuliza kuhusu aliyepotea. Niliuliza kama kuna mtu ameketi.

"Aa, yule bibi!" alisema mhudumu. "Yupo, lakini yule hajapotea. Anamngoja mtu. Yuko sawa kabisa, amenipa na andazi."

Tikiti yake ilikuwa ya kituo cha mbele zaidi, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kumzuia pale, wala yeye hakuwa na sababu ya kumwuliza mtu. Salma alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akacheka huku analia. Nilimwambia abaki amsubiri kaka yake, nami nikapanda treni ya kuelekea mjini.

Bi Moza alikuwa kwenye benchi la duara, mgongo umenyooka, kikapu magotini.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba, mwanangu. Salma yuko wapi? Mwambie mama yake ameanza kuota mizizi."

"Salma yuko kituoni anakungoja."

"Na mimi niko wapi? Sokoni?"

"Bi Moza, hiki si kituo chetu."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu amtazamaye mwenye homa. "Rukia, wewe si unafanya kazi hapa? Hata kazini kwako hupajui?"

"Tupande treni, nikupeleke."

"Nimeshafika, nipande tena niende wapi? Salma kanambia nisitoke hapa na mtu. Nguzo hii hapa. Benchi hili hapa. Yale mabakuli ya taa yale pale. Nionyeshe kisichokuwepo."

"Mimi," nilisema. "Siku zote unanikuta mlangoni. Leo ulinikuta?"

"Umechelewa, na sasa umekuja. Kaa, kula andazi."

Katika siku zangu zote za kufundisha sikuwahi kupata mwanafunzi mwenye hoja zilizopangika namna ile. Niliona kwamba nikiendelea kubishana nitashindwa, na kwa haki. Tena niliona jambo jingine: kumvuta mkono mbele za watu kungemfanya kuwa kile alichokiogopa Nassor, mzee wa kuongozwa. Nikaketi, nikala andazi, kisha nikasema, "Basi, kama tumefika, nipeleke nyumbani kwenu ukanipe chai."

"Hilo ndilo neno," alisema, akasimama.

Alinitangulia mlangoni, akatoka nje, akageuka kulia kama kawaida yake, akasimama. Kwetu, mbele ya kituo, palikuwa na duka la mboga lenye matunda mpaka njiani. Hapa palikuwa na kanisa na makaburi yake.

"Wamelivunja duka asubuhi hii?" aliuliza.

Alinyoosha kidole kwenye makaburi.

"Wakajenga kanisa?"

Aliligeukia lile sanduku la matofali, akalitazama kuanzia paa mpaka chini, akalitazama kanisa, akarudi tena kwenye matofali. Nilimwona anavyofika, hatua kwa hatua, peke yake. Kisha akanishika mkono na kucheka hata kikapu kikacheza.

"Rukia! Kumbe yako mawili!"

"Yapo hata zaidi ya mawili, Bi Moza."

"Walikuwa na fundi mmoja nchi nzima?"

"Mchoraji mmoja na wenzake, ndiyo."

"Basi wangalimwambia apake rangi tofauti."

Tulipanda treni. Cheko lilikuwa limekwisha, na alikuwa akiutazama mkono wake uliokuwa juu ya kikapu.

"Nassor atanifungia," alisema.

"Hukupotea, Bi Moza."

"Usinipambe, mwanangu."

"Sikupambi. Ulishuka penye kila alama uliyopewa. Alama ndizo zilizopungua, na alama ni kazi yetu sisi wa kituo."

Nassor alikuwa ameshafika, funguo za gari mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na nikaelewa kwamba hofu yake ilikuwa mapenzi yasiyojua pa kuketi.

"Mama, yametosha," alianza, kabla hatujamaliza ngazi. "Leo unahamia kwangu, na hutoki peke yako tena."

"Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alipumua, akaweka kikapu benchini. "Nilikwenda kutembelea kituo. Hawa vijana wenye penseli wanatoka ng'ambo kuja kuvitazama, na mama zao hawafungiwi ndani. Nikitazama mimi, imekuwa maafa?"

Mmoja wa wale wanafunzi aliinua kichwa, akaona anatajwa, akatabasamu bila kujua ni kwa nini. Nassor hakutabasamu.

"Na Alhamisi ijayo, mama, ukishuka tena kulekule?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Bi Moza mwenyewe alinitazama. Niligeuka kumtafuta Bwana Ramnik, nikaona hayupo. Alirudi kutoka chini ngazini, anahema, mikono ina udongo.

"Njooni mtazame," alisema.

Tulishuka sote mpaka jukwaani. Ndoo zote mbili zilikuwa zimetolewa nyuma ya banda na kusimamishwa wazi mwisho wa jukwaa, mahali ambapo kila anayekuja kutoka mjini angeziona kabla treni haijasimama. Ulikuwa mwezi wa baridi na udongo ulikuwa mtupu, lakini kati ya zege la kijivu na matofali ule wekundu ulionekana kama umepakwa siku hiyo.

"Ukiona ndoo, bibi, shuka," alisema Bwana Ramnik. "Usipoziona, kaa. Kule kwa wenzetu hawana uwatu."

"Na zikichukuliwa?" Nassor aliuliza.

"Hazitachukuliwa," nilisema, nikiwa mhudumu mdogo kuliko wote pale, mbele ya mkuu wangu, bila ruhusa ya mtu. "Maadamu mimi nipo hapa, hazitachukuliwa."

Nassor alitia funguo za gari mfukoni. Akasema, "Alhamisi moja. Tuone."

Alhamisi hiyo nilisimama jukwaani bila kuwa na kazi yoyote pale. Treni ikaingia. Mlango ukafunguka, Bi Moza akashuka na kikapu chake, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ndoo, akaigusa moja kama mtu anayemsalimu mtoto. Kisha akarudi nyuma hatua chache mpaka behewa la pili, akagonga kioo. Ndani yake alikuwa mwanamume aliyejificha nyuma ya gazeti.

"Nassor," alisema, "shuka, tumefika."

Alishuka, gazeti mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alicheka. Hakuna aliyezungumzia tena habari ya kuhama.

Tangu hapo ndoo hizo nimezitetea kuliko nilivyojitetea mimi. Mkaguzi mmoja alisema zinavunja utaratibu wa jukwaa. Nilimwomba aniandikie mahali gani pengine zikae ambapo zitaonekana kutoka kwenye treni inayokuja, naye akaenda kufikiri na hakurudi. Wakufunzi wa usanifu wameniomba mara nyingi nizisogeze kidogo tu, kwa ajili ya picha. Niliwaambia kwamba waliojenga hapa walitaka asiyesoma ajue pa kushukia, na kwamba hizi ni sehemu ya mwisho ya jengo lao, iliyochelewa kidogo kufika. Baadhi walicheka. Mmoja alizichora.

Bwana Ramnik alistaafu kabla yangu, akaniachia mpira wa kuoshea madirisha na kazi ya kumwagilia. Bi Moza alisafiri kila Alhamisi kwa miaka mingi, mpaka miguu ilipomkatalia, na kabla ya hapo alikuwa ameshawafundisha njia hiyo wenzake wengine. Siku hizi watu ambao hawakumjua huambiana wakutane penye ndoo.

Hilo ndilo jibu. Mkiwa na shaka, simameni jukwaani wakati treni ya kutoka mjini inapoingia, na msitazame ndoo, tazameni madirisha ya mabehewa. Mtamwona mtu mmoja, aghalabu mzee, anaanza kufunga kikapu chake treni ikiwa bado inakwenda. Hana haraka, wala hamwulizi mtu.

Mbegu za uwatu zimo ndani ya kopo la chai, rafu ya juu, chumba cha wafanyakazi. Zipandwe baridi ikishapungua. Na hilo koti la zamani lililotundikwa karibu na mlango ni langu. Wale jamaa wa kituo ndugu walilirudisha, wakachelewa miaka mingi kidogo, nami nimeliacha pale kwa atakayefika siku yake ya kwanza akiwa hana la kwake.